Sufuria ya Mchanga

Keki za Hamisa zilikuwa zinaokwa kwa mchanga. Hatukuwa na oveni. Alikuwa na sufuria kubwa, aina ile ya kupikia pilau la shughuli, na ndani yake mchanga mkavu alioupepeta mwenyewe. Anaibandika kwenye jiko la mkaa, mchanga ukishapata moto anaweka bati la keki juu yake, anafunika, halafu anapanga makaa mekundu juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Keki inaumuka vizuri, na inabaki na harufu ndogo ya moshi ambayo wateja wake wachache pale Tumbi, Kibaha, walikuwa wanaisifia.

Mchanga ule alikuwa anautumia tena na tena. Akimaliza kuoka anaiacha sufuria nje ya mlango wetu ipoe, ikiwa wazi, kwa sababu mfuniko bado una majivu. Sisi sote tuliipita kila siku bila kuifikiria.

Mimi na Hamisa tulikuwa tunaishi chumba kimoja tangu tulipomaliza chuo. Mimi nilisomea ualimu na nilikuwa nafundisha kwa kujitolea, nikiamini kwamba siku moja ajira zitatoka na jina langu litakuwemo. Jioni nilirudi na chaki mpaka kwenye nyusi, nikajitupa kitandani na viatu. Hamisa alisomea ugavi. Aliomba kazi kila mahali, mpaka akafika mahali akaacha kutuambia ameomba wapi. Keki alizianza kama mchezo, siku ya kuzaliwa ya Rama.

Rama ndiye aliyekuwa rafiki yetu wa tatu. Alikuwa karani kwenye ofisi ya forodha Dar, anatoka alfajiri na kurudi tai ikiwa mfukoni. "Mimi siishi Kibaha," alikuwa anasema, "Kibaha nalala tu." Yeye ndiye aliyetuletea paka. Alimwokota gereji, mweusi kwa oili, na tulipomwosha tukakuta kumbe ni wa kijivu. Tukamwita Mkaguzi, kwa sababu hajawahi kupita chombo chochote bila kuingiza kichwa aone kilichomo.

Jioni moja nilimkuta Hamisa amekaa kwenye kigoda, simu mkononi, Mkaguzi mapajani. Alikuwa anaongea na mama yake, Bi Mwanajuma, ambaye yuko Chole, Kisarawe. Simu yenyewe ilikuwa mbovu, lazima uweke sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote.

"Umepata kazi?"

"Bado, mama."

"Sasa huko unafanya nini, mwanangu?"

Hamisa aliitazama sufuria. Keki ilikuwa ndani, makaa yanang'aa juu ya mfuniko.

"Natafuta," alisema.

"Korosho zimeanza kudondoka. Miguu yangu unaijua, kuinama siwezi tena. Mwezi ukiisha hujapata kitu cha kueleweka, rudi nyumbani. Sikugombezi. Nakwambia tu."

"Sawa, mama."

Alipokata simu nilimuuliza kwa nini hakumwambia kuhusu keki.

"Shoga, mimi nimesomeshwa na zile korosho. Nimpigie nimwambie shahada ya ugavi naipikia kwenye mchanga, kama mtu anayekaanga karanga?"

"Lakini ni kazi."

"Elinipa, kuna wiki nauza keki moja. Hiyo siyo kazi, hiyo ni sababu ya kuamka."

Nilivua viatu, nikamsaidia kupuliza makaa.

*

Tulikuwa na desturi moja ya anasa. Jumapili ya mwisho wa mwezi, Rama akishapata chochote, tunakwenda kula nje. Mara nyingi ilikuwa Soga, kwa Mama Naila. Ana mgahawa kwenye barabara ya kwenda stesheni ya treni, wenye meza za plastiki na feni moja, na wali wa nazi ambao ukiula unasahau uliyekuwa umemkasirikia. Jumapili ile, ingawa mwezi haukuwa umefika mwisho, Rama alisema twende, maana nyuso zetu zilikuwa zinamtia huzuni.

Tulikula. Baada ya wali Rama akaagiza chai na keki. Keki zilikuja kwenye sahani, za dukani, zimefungwa nailoni. Hamisa alimega kipande, akatafuna, akaendelea kutafuna. Akavuta chai.

"Vipi, chefu?" Rama aliuliza.

"Hii keki ukiidondosha inavunja vigae."

Alidhani amesema polepole. Mama Naila alikuwa nyuma yake na birika. Ni mama mnene, mweupe, anayecheka kwa mabega.

"Nani anavunja vigae vyangu?"

Hamisa aliinama. "Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usinisalimie sasa hivi kwa woga. Keki ina nini?"

"Kavu, mama. Na haina hata iliki."

"Wewe unajua kuoka?"

"Anajua, mama," nilidakia kabla Hamisa hajajikana. "Anaoka vizuri sana."

Mama Naila alimtazama juu mpaka chini. "Jumamosi nina watu wa kikao cha harusi, wanakunywa chai hapa mchana. Niletee mbili. Watu wakila wakanyamaza, tutaongea biashara. Mimi abiria ninao kila siku, wa treni ya asubuhi na wa jioni. Keki nitazihitaji kila siku. Lakini wakizungumza wakati wanakula, basi tena."

Njiani kurudi, tulipofika karibu na nyumbani, Hamisa alinishika mkono. "Kila siku, amesema?"

"Kila siku."

"Hicho mama anaweza kukielewa," alisema. "Naoka kwa ajili ya mgahawa wa stesheni. Hicho kinaeleweka."

Wiki ile alioka kila siku baada ya Magharibi, akijaribu. Moja ilizidi maganda ya chungwa, nyingine ilibonyea katikati. Jirani zetu walikula keki mpaka wakaanza kukataa. Mimi nilisahihisha madaftari pembeni ya jiko, macho yanawasha kwa moshi. Ijumaa alipata aliyoitaka. Ilikuwa laini, ya rangi ya kahawia iliyotulia, na ilipokatwa haikudondosha chenga. Tulikula kipande kimoja kwa kugawana tukiwa tumesimama, tukacheka bila sababu, kisha tukalala kama mizigo. Sufuria ilibaki nje, wazi, mchanga wake bado vuguvugu.

*

Jumamosi Hamisa aliamka kabla yangu. Alikoroga unga wa keki zote mbili kwenye beseni moja, akazioka pamoja, bati moja juu ya jingine akiyatenganisha kwa vijiti vya chuma. Mayai yaliisha, siagi ikaisha. Hakubakiza kitu, kwa sababu aliijua ile keki sasa.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Mwanzoni nilifikiri choo cha mwenye nyumba kimefurika. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, na ilizidi kila moto ulivyozidi. Nilitoka nje nikiwa na kanga kifuani. Hamisa alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono mdomoni.

"Eli," alisema. "Mchanga."

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye ngazi, anajilamba mguu.

Ndipo nilipoelewa. Mchanga mkavu, uliopepetwa, wenye vuguvugu, ndani ya chombo cha duara, usiku wa baridi. Paka gani angepita? Kwake yeye lile halikuwa jiko. Lilikuwa choo alichotengenezewa kwa heshima. Alijisaidia, akafukia vizuri kama paka mwenye adabu, na Hamisa akiwa na usingizi machoni hakuona kitu. Moto ukafanya yaliyobaki.

Alifunua. Keki zilikuwa zimeumuka vizuri kuliko siku zote. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitaka kulia. Aliipua moja, akamega, akaonja, akatema.

Rama alifika na kirikuu, kile kigari cha mizigo cha kaka yake, kutupeleka Soga, amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kuposa. Alishuka akanusa hewa.

"Oya, nani amekufa?"

Alitazama keki, akatazama paka, akatazama tena keki. Alimega kipande kidogo kwa ujasiri ambao sitausahau, akakitafuna huku amefumba macho.

"Tukipaka krimu nyingi?" alisema.

"Rama."

"Na vanila?"

"Rama, kaa kimya," nilisema.

Hamisa aliingia ndani, akatoka na kiroba kitupu cha unga. Alimkamata Mkaguzi mgongoni, akamtia ndani, akafunga mdomo kwa kamba. Paka alilia mara moja tu kisha akanyamaza, labda kwa mshangao. Nilisema jamani, Hamisa, hajui alichofanya.

"Najua hajui. Ndiyo maana naumia. Angekuwa anajua ningemtukana." Aliketi kwenye ngazi, kiroba kikiwa mapajani mwake, na ghafla alionekana mtu mzima sana. "Sitaki kumtupa. Nataka tu asinitazame."

Tukakaa hivyo, sote watatu na kiroba. Jua lilikuwa linapanda. Mimi ndiye niliyesema twende Soga vilevile, tukamwambie Mama Naila ukweli, asije akakaa anatusubiri mbele ya wageni.

"Nilikuwa nafikiria kumwambia nimefiwa," Hamisa alisema. Akajipangusa uso na upande wa kanga. "Lakini nimechoka hata kudanganya. Twende."

Alimfungulia paka kabla hatujaondoka. Mkaguzi alitoka, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kuchungulia sufuria. Nilimwaga mchanga wote kwenye shimo la taka mbele yake.

Mama Naila alisikiliza habari yote akiwa ameshika mwiko. Hamisa alieleza mwenyewe, bila kupunguza. Alipofika kwenye paka, mabega ya Mama Naila yalianza kutikisika, na alipofika kwenye Rama kuonja, ilibidi mama yule aketi.

"Yaa Rabi! Na ukameza?"

"Nilimeza, mama," Rama alisema kwa unyonge. "Kwa ajili ya urafiki."

Alipomaliza kucheka alifuta machozi, na nikaona sura yake imebadilika. "Mwanangu, umefanya vizuri kuniambia. Wengine wangeniletea. Lakini siwezi. Kesho mtu akiumwa tumbo hapa kwa maharage yangu mwenyewe, watasema ni keki za paka. Soga ni ndogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Siku utakapokuwa na jiko ambalo paka haingii, njoo. Nakwambia mbele ya hawa. Njoo."

Akatuwekea wali, wa bure. Hakuna hata mmoja wetu aliyeumaliza.

*

Mwezi ulikwisha kama unavyokwisha. Hamisa alimpigia mama yake akasema anarudi, na mama yake akasema sawa, kitanda chake kipo. Hakuuliza zaidi. Jumamosi ya kuondoka Rama alikuja tena na kirikuu. Tulipakia godoro, ndoo, begi, na sufuria.

"Na Mkaguzi?" niliuliza. Nilikuwa nimeshajiandaa kubaki naye.

"Tunaondoka wote," Hamisa alisema. "Mimi naondoka kwa sababu yake. Asibaki yeye na chumba."

Kwa hiyo paka aliingia tena kwenye kiroba. Kwao Hamisa paka anayehamishwa hasafiri akiona njia, maana akiiona atairudia. Rama alisema paka wa kutembea kutoka Chole mpaka Kibaha anastahili kuajiriwa. Nilikaa nyuma na mizigo, kiroba mapajani, nikitoboa tundu dogo kwa kidole kila nilipohisi amenyamaza mno. Pua yake ya kijivu ilitokeza pale. Baada ya Kisarawe mjini lami iliisha, vumbi jekundu likatupaka sote rangi moja, na mikorosho ikaanza pande zote mbili.

Bi Mwanajuma alitupokea uani kwa fimbo yake. Tulimwamkia, akaitikia, akatupa maji ya kunawa. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria kutokana na sauti yake. Alipoona kiroba kinatikisika aliuliza ni kuku.

"Ni paka, mama."

"Paka mgeni? Mlete jikoni haraka, kabla hajaona mlango."

Jiko lilikuwa kibanda cha makuti, mafiga matatu na jivu la asubuhi. Alimtoa Mkaguzi kwa mikono miwili, akamshika chini ya kifua, na akaanza kumzungusha juu ya mafiga, taratibu, akinong'ona maneno ambayo sikuyashika. Hamisa alinieleza kwa sauti ndogo kwamba ndivyo wanavyofanya kwa kuku na paka wa kuja, ili ajue moto wake ni huu, asitoroke. Mkaguzi alining'inia kimya, miguu imelegea. Alipowekwa chini alinusa figa moja, akajikunja kwenye jivu.

"Huyo haendi popote," mama alisema.

Mchana ule Hamisa alichota mchanga mtoni. Sijui nini kilimsukuma. Labda mikono yake ilikosa kazi. Aliuosha, akauanika juu ya bati mpaka ukakauka, akaupepeta, akawasha moto. Mimi nilipiga mayai ya kuku wa pale pale. Rama alilinda sufuria kwa fimbo ya mama, akimwambia Mkaguzi kila alipofungua jicho, "Jaribu. Jaribu leo uone." Bi Mwanajuma alikaa kwenye mkeka anabangua korosho, akitutazama bila kuuliza.

Keki ilipotoka, Hamisa alimkatia mama yake kwanza. Mama alikula. Alikula kipande chote, polepole, na hakuna aliyesema neno. Akaokota chenga zilizodondoka kwenye kanga yake akazila nazo.

"Nani amekufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe. Kule."

"Hii ndiyo uliyokuwa unafanya kule?"

Hamisa alitikisa kichwa kukubali, macho yako chini.

"Na watu wananunua?"

"Wachache, mama. Palikuwa na mama wa mgahawa wa stesheni, alizitaka kila siku. Ikashindikana. Paka aliharibu." Akaeleza. Akaeleza yote, kama kwa Mama Naila, ila safari hii sauti ilimkatika katikati. Bi Mwanajuma hakucheka. Alimgeukia Mkaguzi, akamtazama muda mrefu.

"Kila nikikuuliza unanambia unatafuta," alisema hatimaye. "Unatafuta, unatafuta. Nikajua mwanangu anashinda amelala anatazama dari, na aibu inamzuia kurudi. Nikasema nimwite mimi, nimwondolee aibu." Alisimamisha jiwe la kubangulia. "Kumbe ulikuwa unafanya kazi."

"Sikujua kama utaiita kazi."

"Kwani hujachoka?"

"Nimechoka, mama."

"Basi."

Kuku walipita. Rama alijifanya anakagua tairi. Mama alijinyanyua kwa fimbo, akaenda kukaa karibu na mwanawe, na akamwekea mkono kisogoni, mahali ambapo nywele zilikuwa zimejaa vumbi la njiani.

"Korosho utanisaidia, maana miguu hii siyo uongo. Zikiisha, nenda kwa huyo mama wa stesheni. Amekwambia uende bila paka, si ndiyo?" Akaelekeza kidevu jikoni. "Paka unaniachia. Yeye nimemzungusha. Wewe sikukuzungusha."

Hamisa aliegemea bega la mama yake na akalia kimyakimya, kilio cha mtu ambaye hatimaye amepewa mahali pa kuketi. Nami nilitoka nje ya uzio kwa sababu nilikuwa nalia pia, na Bi Mwanajuma hakuwa mama yangu.

Tuliondoka kabla jua halijashuka, maana Rama aliogopa ile njia gizani. Nilimtafuta Mkaguzi nimuage. Alikuwa kwenye jivu lake, hata hakuinua kichwa. Nilipokwisha kupanda kirikuu, Hamisa alitoka jikoni amebeba sufuria, imeoshwa, haina hata punje ya mchanga, akanipandishia mapajani mahali pale ambapo kiroba kilikuwa asubuhi.

"Irudishe Kibaha."

"Wewe utaokea nini hapa?"

"Hapa naokota korosho. Irudishe, Eli. Na usinipikie maharage humo, yataacha harufu."

"Wewe ndiye wa kuniambia habari za harufu?"

Akacheka. Lilikuwa cheko fupi, la uchovu, lakini lilikuwa lake.

Njia nzima sufuria ilinibana magoti. Tulipofika Tumbi chumba kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokiacha, na pale palipokuwa na godoro lake sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Madaftari ya darasa la tano yalinisubiri mezani. Niliiweka sufuria kwenye kona yake, ndani safari hii. Niliuosha mfuniko ukatoka majivu yote, nikaukausha na kanga yangu. Nikaifunika.